Uradi mdogo usiokatika

Tangu biashara yangu iyumbe, nilikuwa nasali huku moyo uko kwenye madeni. Nikaamua kutafuta utulivu kwa uradi, nikajaribu njia tatu.

Kwanza, tasbihi ya punje 99 baada ya Isha. Nilijipangia mara elfu moja. Usingizi ukanishinda, na wiki haikuisha nikaacha. Pili, programu ya kuhesabia kwenye simu. Hesabu haikupotea, ila kila ujumbe ulioingia ulinitoa.

Tatu, vidole. Baada ya Alfajiri nabaki kwenye msala: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 33, na ya mia nakamilisha kwa La ilaha illallah. Nasema polepole. Mawazo yakikimbilia dukani, sishindani nayo. Narudi kwenye neno nililofikia.

Hii ndiyo imedumu, kwa kuwa ni fupi na imefungamana na sala ambayo lazima niisali. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa amali aipendayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, hata ikiwa ndogo.

Anza na kidogo usichoweza kukikosa. Madeni yangu bado yapo, lakini asubuhi siwakaripii tena wanangu.