Maandalizi ya msaidizi wa kufundisha lugha wa Fulbright

Msaidizi wa kufundisha lugha wa Fulbright ni mwalimu kijana anayekwenda Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo ili kufundisha lugha yake katika chuo kikuu, huku naye akisoma hapo. Mpango huo ulianza mwaka 1968 ndani ya Programu ya Fulbright, iliyoanzishwa mwaka 1946 kwa juhudi za seneta J. William Fulbright wa Arkansas. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazofundishwa kwa njia hiyo, na walimu wake hutoka hasa Kenya na Tanzania.

Muda wake ni takriban miezi tisa, kuanzia Agosti hadi Mei, wala hauongezwi. Msaidizi hulipiwa nauli ya ndege, bima ya afya, karo na posho ya kila mwezi. Maombi hayana ada; anayedai fedha ili "kusukuma faili" ni tapeli.

Hati na ruhusa

Aliyechaguliwa hupewa fomu DS-2019, kisha huomba viza ya aina ya J-1 na kuhojiwa ubalozini. Fomu hiyo haifungiwi katika sanduku kubwa, maana huulizwa pale mlangoni mwa nchi. Haruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa humo.

Sharti ambalo wengi hulipita bila kulisoma ni lile la miaka miwili. Baada ya programu, msaidizi anatakiwa kuishi nchini kwake kwa jumla ya miaka miwili kabla ya kustahili viza ya kazi ya aina ya H au ukazi wa kudumu Marekani. Mwenye mchumba huko, au anayepanga kuunganisha safari hiyo na ajira, afadhali alijue kabla ya kutia sahihi.

Kwa sababu hiyo kazi ya nyumbani haifai kuachwa kienyeji. Mwalimu wa serikali huomba ruhusa kwa maandishi na kusubiri jibu la maandishi. Nchini Kenya mwajiri wake ni Tume ya Utumishi wa Walimu. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa shule haimlindi. Programu pia hailipii gharama za mke, mume wala watoto, hivyo matumizi ya wanaobaki hupangwa mapema.

Afya na mizigo

Vyuo vingi hudai uthibitisho wa chanjo za surua, matumbwitumbwi na rubela, pamoja na kipimo cha kifua kikuu. Aliyechanjwa BCG utotoni, kama ilivyo kawaida Afrika Mashariki, anaweza kuonekana ameambukizwa kwa kipimo cha ngozi ilhali hana maambukizi. Kipimo cha damu hakipotoshwi na chanjo hiyo, na ni haki yake kukiomba.

Umeme wa Marekani ni wa volti 120. Chaja nyingi za simu huukubali, lakini pasi ya nyumbani haitapata moto wa kutosha. Nyama, matunda mabichi na mbegu za kupanda huweza kutaifishwa forodhani. Kanga, sarafu na magazeti ni vyepesi na hufaa sana darasani. Koti zito hununuliwa hukohuko.

Maandalizi ya darasa

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa kukisema Kiswahili si kukifundisha. Mwanafunzi atauliza kwa nini husemwa "rafiki yangu mzuri amefika": kivumishi na kitenzi vinafuata ngeli ya watu, lakini kimilikishi kinafuata ngeli nyingine. "Ndivyo tunavyosema" si jibu. Inafaa mwalimu apitie upya ngeli, na ajizoeze kuzieleza kwa mifano badala ya majedwali.

Saa nazo huleta kizaazaa, kwani saa moja asubuhi huandikwa 7:00. Tofauti za matatu na daladala zielezwe bila kudai upande mmoja umekosea. Huenda darasani wakawemo watoto wa familia zilizotoka Kongo, wanaokisema nyumbani lakini hawajawahi kukiandika. Hao huhitaji kazi tofauti na wanaoanza na "hujambo".

Msaidizi mwenyewe husoma angalau masomo mawili kila muhula, mojawapo likihusu Marekani. Matayarisho ya somo yaliyoandikwa kabla ya safari, hata ya wiki nne tu, humpunguzia mzigo mwezi Septemba, wakati bado anajifunza njia ya kwenda dukani.