Kabinee za meno Kasapa: wakaguzi ni wengi, otoklavu haifunguliwi

Kwa daktari wa meno anayetafuta mahali pa kufungua kabinee mjini Lubumbashi, upande wa Kasapa una mvuto wake. Kampasi ya Chuo Kikuu, taasisi iliyoanza mwaka 1955 mji ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, iko huko, na wanafunzi, walimu na watumishi wake wanaumwa meno kama watu wengine. Mji nao unazidi kusogea kuelekea Commune Annexe, na viwanja vinageuka nyumba. Ushindani si mkali. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, kati ya mwaka 2014 na 2019 kanda ya Afrika ilikuwa na madaktari wa meno 3.3 kwa kila watu 100,000. Wastani wa dunia ulikuwa karibu 33. Na katika kanda hiyohiyo, watu wapatao asilimia 44 wana ugonjwa wa kinywa wa aina moja au nyingine.

Wateja wapo, basi. Kinachomnyima usingizi mwenye kabinee ni gharama ya kubaki wazi, na sehemu ya gharama hiyo huja kwa miguu, jalada kwapani na muhuri mfukoni. Zungumza na wafanyabiashara wa Lubumbashi kuhusu watu wa leta, yaani maafisa wa serikali, na utasikia wimbo mmoja: wanakuja wengi, kila mmoja na karatasi yake, na kila karatasi ina bei. Malalamiko hayo ni ya haki, lakini yanaishia nusu ya njia. Kero kubwa zaidi ni kwamba katika msururu wote huo, swali linalogusa uhai wa mgonjwa ndilo linaloulizwa kwa nadra: chombo kilichoingia kinywani mwa mtu wa saa tatu kimesafishwaje kabla ya kuingia kwa mtu wa saa nne, na ushahidi uko wapi?

Nani anabisha hodi

Kisheria, mlango wa kwanza ni wa afya. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 ndiyo inayoweka misingi ya afya ya umma nchini Kongo, vituo vya binafsi vikiwemo. Mkoani kuna vyombo viwili ambavyo wengi huvichanganya. Idara ya Afya ya Jimbo, DPS, kazi yake ni kusimamia na kusaidia huduma. Ukaguzi wa Afya wa Jimbo, IPS, kazi yake ni kukagua na kuwajibisha. Chini yao yapo maeneo ya afya, ambayo Lubumbashi ina 11, kila moja likiwa na daktari wake mkuu. Kwa mwenye kabinee tofauti hiyo ina maana kubwa. Anayekuja kusimamia anapaswa kuondoka akiwa amefundisha kitu. Anayekuja kukagua anapaswa kuacha ripoti yenye tarehe ya kurudi.

Mlango wa pili ni wa kazi. Kanuni ya Kazi, sheria namba 015/2002 iliyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa anaowaajiri. Katika kabinee, hatari kuu kwa msaidizi wa daktari ni sindano iliyokwisha kutumika. Mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika asilimia 30; kwa virusi vya UKIMWI ni karibu asilimia 0.3. Mkaguzi wa kazi anayejua kazi yake angeanza na maswali mawili: kadi ya chanjo ya msaidizi, na sanduku gumu la kutupia sindano. Kisha ndipo angeuliza michango ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii.

Mlango wa tatu ni wa mionzi, na Katanga ina sababu ya kuuheshimu. Mgodi wa Shinkolobwe, uliotoa urani ya mabomu ya Marekani ya mwaka 1945, ulifungwa kwa amri ya rais mwaka 2004. Siku ileile Kanuni ya Kazi ilipotiwa saini, 16 Oktoba 2002, ilitiwa saini pia sheria namba 017/2002 ya kujikinga na mionzi. Ndiyo iliyozaa CNPRI, kamati ya taifa yenye dhamana ya kuruhusu na kukagua vifaa vya mionzi, mashine ya radiografia ya meno ikiwemo. Picha moja ndogo ya jino hutoa dozi ndogo, pungufu ya ile mtu anayopokea kwa siku nzima kutoka ardhini na angani. Mgonjwa wa picha moja hana cha kuogopa. Mwenye hatari ni msaidizi anayeishika filamu kwa kidole chake mara kumi kwa siku, mwaka hadi mwaka, au anayesimama nyuma ya ukuta wa mbao.

Baada ya hapo milango haihesabiki kirahisi: usajili wa biashara wa RCCM uliokuja na sheria za biashara za OHADA mwaka 2012, kodi za DGI, tozo za jimbo kupitia DRHKAT, komyuni, usafi, mazingira, bango la nje. Hawa hawakagui meno. Wanakagua malipo.

Karatasi inalipa, mvuke haulipi

Kwa nini mkaguzi aliyeingia kabinee hukaa mezani na haendi kwenye chumba cha kusafishia vyombo? Jibu liko katika jinsi ofisi zinavyoishi. Sekta ya afya ya Kongo kwa miaka mingi imejiendesha kwa pesa ya mgonjwa: kituo kinalipwa na mgonjwa, na sehemu ya mapato hupanda ngazi hadi ofisi za juu. Ofisi isiyopata bajeti ya mafuta ya gari hutegemea kile inachokikagua. Katika hali hiyo, karatasi iliyokosekana ina thamani ya papo hapo: faini yenye risiti, au matabishi yasiyo na risiti. Kipimo cha kuthibitisha kwamba mashine inaua vijidudu huchukua siku kadhaa kupata jibu, kinahitaji maabara, na hakimwingizii mkaguzi hata franka moja.

Mwenye kabinee naye hujifunza haraka. Akiba yake ya ukaguzi huiweka kwenye bahasha, si kwenye vifaa. Anaweka jalada zuri lenye mihuri yote, kwa sababu ndilo linaloombwa. Kila upande unajitafutia riziki kwa Kifungu cha 15, ule utani wa Wakongo wa "jitegemee", na hakuna anayevunja utaratibu anaouona. Anayelipa gharama hakuwepo kwenye mazungumzo: yuko kitini, mdomo wazi.

Hesabu ya mvuke

Ukitaka kuujua usalama wa kabinee, anza na mashine ya kuulia vijidudu. Kuna otoklavu, inayotumia mvuke wa shinikizo, na kuna Poupinel, tanuri la joto kavu ambalo bado linaonekana katika nchi nyingi zilizofuata udaktari wa Kifaransa. Poupinel inahitaji takriban nyuzi 180 kwa nusu saa, au 160 kwa saa mbili, na mtu anaweza kuufungua mlango katikati, akachukua koleo, akaufunga, pasipo alama yoyote kubaki. Ufaransa yenyewe iliachana nayo hospitalini zamani.

Otoklavu hufanya kazi kwa nyuzi 121 kwa dakika 15 au nyuzi 134 kwa dakika chache tu. Lakini si zote ni sawa. Za daraja N zinafaa vyombo vigumu visivyofungwa. Turbini, ile mashine ya kutobolea jino, ina mirija ndani yake, na mvuke haupenyi humo mpaka hewa ifyonzwe kwanza. Hiyo ni kazi ya daraja B, ambayo bei yake huhesabiwa kwa maelfu ya dola kabla ya usafiri kupitia mpaka wa Kasumbalesa, ushuru, na TVA ya asilimia 16.

Tuchukue mfano wa kabinee inayoona wagonjwa 12 kwa siku ikiwa na turbini tatu. Ili kila mgonjwa apate turbini safi, kila moja lazima ipite kwenye otoklavu mara nne. Mzunguko mzima pamoja na kukausha ni kama saa moja, kwa hiyo mashine inahitaji saa nne za umeme usiokatika. SNEL, shirika la umeme, ikikata katikati, mzunguko huo si nusu kazi iliyofanyika. Ni sifuri, na lazima uanze upya. Mwenye kabinee ana njia tatu: anunue turbini zaidi, awashe jenereta, au apanguse turbini kwa spiriti na kuita mgonjwa anayefuata. Njia mbili za kwanza zinaonekana kwenye hesabu za mwezi. Ya tatu haionekani popote, isipokuwa kama kuna daftari la otoklavu ambalo mtu mwingine hulisoma.

Maji ya foraji nayo huacha chokaa kwenye mashine. Inahitaji maji yaliyoondolewa madini, ambayo ni gharama nyingine ndogo isiyoisha. Taka zina mlolongo wake: meno yaliyong'olewa, pamba zenye damu, na amalgamu ambayo nusu yake ni zebaki. Kwa amalgamu, soko linageuka kwa nguvu za nje. Nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2025 kwamba matumizi yake yakome ifikapo 2034. Anayenunua shehena kubwa leo anajiwekea mzigo wa kesho.

Kilichoonekana Kenya

Je, ukaguzi wa kweli ungewafukuza wagonjwa kwa kupandisha bei? Kenya imelijibu swali hilo kwa majaribio. Mwaka 2016 ilitangaza katika gazeti la serikali orodha moja ya ukaguzi wa pamoja: badala ya kila bodi ya udhibiti wa afya kutuma mtu wake, mkaguzi mmoja anabeba maswali ya wote. Kwa ushirikiano na Benki ya Dunia, mfumo ulijaribiwa Kakamega, Kilifi na Meru, katika vituo 1,348 vya umma na vya binafsi. Masoko, yaani makundi ya vituo jirani, yaliyokaguliwa kwa nguvu yalichaguliwa kwa bahati nasibu. Alama za usalama zilipanda kwa takriban asilimia 15. Bei waliyolipa wagonjwa haikupanda, na jumla ya waliokwenda kutibiwa haikupungua. Waliopoteza wateja ni sehemu ya vituo vya binafsi, wagonjwa wakihamia vya umma.

Kaunti hizohizo zilitoa somo jingine. Watafiti walikaa katika vituo 935 wakitazama wahudumu kazini. Usalama wa sindano ulifuatwa kwa asilimia 87. Kunawa mikono kulifuatwa kwa asilimia 2.3 tu, ingawa vifaa na maarifa havikukosekana kiasi hicho. Sindano imehubiriwa na kufuatiliwa kwa miongo kutokana na UKIMWI. Mikono haikupata mfuatiliaji. Kinachotazamwa hufanyika. Kabinee ya Kasapa inayotazamwa karatasi itakuwa na karatasi safi.

Mwenye pesa anaweza kuuliza

Lubumbashi ina faida ambayo miji mingi ya kanda haina. Kanuni ya Kazi inamtaka mwajiri agharamie matibabu ya mfanyakazi na familia yake, na kampuni za shaba na kobalti ni waajiri wakubwa wa Haut-Katanga. Kampuni ya namna hiyo haitafuti bei ya jino moja. Inatafuta mkataba wa watu mamia. Kampuni hizo tayari zina maafisa wa usalama wanaojua kusoma daftari la mashine, maana ndiyo kazi yao mgodini kila siku. Kumpeleka afisa mmoja kwenye chumba cha kusafishia vyombo cha kabinee kabla ya kusaini mkataba ni gharama ya asubuhi moja.

Hapo ndipo usalama unapogeuka mtaji. Daftari la otoklavu lenye tarehe, saa na jina la aliyewasha. Kipimo cha vijidudu kila wiki au angalau kila mwezi. Kadi za chanjo za wasaidizi. Kibali cha CNPRI. Mkataba na mwenye tanuri la taka: vyote hivi vinagharimu kidogo kuliko otoklavu yenyewe, na vinaweza kuwa sababu ya kabinee moja kupata mkataba na jirani yake kuukosa. Daktari aliyenunua daraja B bila daftari hawezi kumthibitishia mnunuzi chochote.

Lakini soko lina mpaka wake. Mwanafunzi wa Kasapa anayelipa kwa franka alizochangiwa nyumbani hana afisa wa usalama. Atachagua kwa bei na kwa ukaribu, na hataona ndani ya turbini. Kwa ajili yake ukaguzi wa serikali hauna mbadala, na marekebisho yanayohitajika hayahitaji sheria mpya. Jimbo linaweza kuwaunganisha wakaguzi wake wa afya, kazi na mazingira katika ziara moja yenye orodha moja, otoklavu ikiwa mstari wa kwanza. Linaweza kuagiza kila malipo yapite benki, ili mkaguzi asishike pesa ya anayemkagua. Linaweza pia kutoa muda wa kurekebisha kabla ya kufunga, kwa sababu kabinee iliyofungwa huwapeleka wagonjwa wake kwa wang'oaji wa mitaani wasiokaguliwa na yeyote.

Wenye kabinee nao, wanaolalamika kwa haki kuhusu wingi wa ziara, watakuwa na sauti zaidi wakidai mabadiliko hayo mkononi wakiwa na madaftari yao. Ni vigumu kumwambia mtu wa leta aache kuhesabu karatasi ilhali huna kitu kingine cha kumwonyesha.