Maua ya Kihonda ni yale yasiyolilia maji

Wiki hii tuachane kidogo na habari za mapenzi na mitindo ya nywele, tuingie uani kwangu. Usicheke. Kijana wa kiume kupanda maua si dhambi, ingawa washikaji zangu wa Msamvu mpaka leo wananiita "Bi Harusi".

Naishi Kihonda na mama yangu mzazi. Kwa asiyeijua Kihonda, ukisimama mlangoni kwetu unaiona milima ya Uluguru imejitanda mawingu, kijani kitupu, ukadhani mvua hiyo inakuja. Thubutu! Inaishia kulekule. Upande wa mashariki wa milima ile hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, lakini huku kwetu bondeni hata 1,000 kwa kawaida hazifiki, na nyingi humwagika kati ya Machi na Mei. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ni vumbi, upepo na jua la utosi.

Mimi na ujuaji wangu nikapanda mawaridi! Nilikuwa nimeyaona kwa rafiki yangu kule Bigwa, chini ya mlima, yamenawiri kama ya kwenye kadi za sikukuu. Nikalipwa hela ya makala, nikanunua miche sita. Kila jioni ndoo mbili. Bomba letu lina siku zake, na likikauka tunanunua maji ya madumu kwa vijana wa mikokoteni. Mama akawa ananiambia, "Mwanangu, hawa wageni wako wanakunywa kuliko sisi wenye nyumba." Mimi nacheka tu.

Mwezi wa tisa nikaenda Dar kwa siku nne. Niliporudi nikamkuta mama kalala, kiuno kakifunga kanga. Aliteleza na ndoo akimwagilia mawaridi yangu, maana hakutaka nirudi nikute yamekauka. Wiki mbili mama wa watu hakuweza kuinama. Na mawaridi? Manne yalikufa vilevile. Siku ile nilijiona mjinga wa mwisho.

MZEE WA MICHE

Kando ya barabara ya Dodoma yupo mzee mmoja anayeuza miche. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Akaniuliza swali moja tu: "Kijana, ulichagua ua au ulichagua picha?" Nikabaki nakodoa macho.

Akanifafanulia kwamba kila ua lina kwao. Hata hapa Uluguru yapo yale maua madogo ya zambarau, jamaa ya Saintpaulia, ambayo Wajerumani waliyapa jina hilo la kitaalamu mwaka 1893 baada ya kuyachukua kwetu Usambara. Leo yanapambwa madirishani Ulaya. Lakini kwao ni kwenye kivuli na unyevunyevu wa msituni. Ukilileta kwenye jua la Kihonda, umeliua. Kwa hiyo ukitaka maua ya huku, tafuta yaliyozaliwa kwenye shida.

Haya ndiyo niliyopanda:

BOGENVILIA. Huyu ndiye mfalme. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina ni la baharia Mfaransa, Bougainville. Zile rangi unazoziona si maua, ni majani. Ua lenyewe ni kile kidogo cheupe katikati. Uhondo ni kwamba akishashika mizizi, maji mengi humfanya atoe majani mabichi tu. Akibanwa na kiu kidogo ndipo anapochanua. Kata tawi lililokomaa, unene wa kidole, chomeka mvua zinapoanza. Ila ana miiba, asiwe njiani kwa watoto.

VINKA. Ya waridi na meupe, asili yake ni Madagaska. Yanajiotesha yenyewe mpaka kwenye nyufa za saruji. Hospitalini kuna dawa za saratani zilizotokana na mmea huu, lakini usije ukatafuna, ni sumu.

ADENIAMU, au waridi la jangwani. Shina lake nene kama chupa linaweka akiba ya maji. Huyu ni wa Afrika hasa, na Wahadzabe hutumia utomvu wake kutengeneza sumu ya mishale. Nawa mikono ukishamkata.

TAJI LA MIBA na MSHUBIRI. Hawa hata ukiwasahau hawanuni. Adui yao ni maji yaliyotuama, kwa hiyo changanya udongo na mchanga.

SIRI YA MAJI

Hata hawa wagumu wanahitaji kulelewa miezi ya mwanzo. Panda mwanzo wa masika ili mvua ikusaidie. Chimba shimo la kina, tia samadi iliyooza vizuri, halafu tandaza majani makavu juu ili jua lisinyonye unyevu. Hao wa mashina manene usiwabane na matandazo. Usimwagilie kidogokidogo kila siku, maana mizizi itabaki juujuu kungoja ndoo. Mwagilia mpaka chini, kisha acha siku kadhaa, na iwe jioni. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatosha kabisa. Ya sabuni kali achana nayo.

Mawaridi mawili yaliyobaki niliyapeleka Bigwa, kwa wenye maji yao. Sasa getini kwetu bogenvilia imepanda mpaka juu ya ukuta, nyekundu ya kutisha, na mwezi wa tisa uliopita haikunywa hata dumu moja la kununua. Mama kiuno bado kinamsumbua asubuhi za baridi, lakini jioni anatoa mkeka, anakaa chini ya hayo maua, anachambua mchicha. Ndoo ya maji ipo jikoni, mahali pake.

Na wale washikaji wa Msamvu? Mmoja kaja juzi, kainamisha kichwa, anaomba tawi la bogenvilia ampelekee mchumba. Nimempa. Bi Harusi hana kinyongo.