Plankton, Mpinzani wa Bwana Krabs

Mwenye Chum Bucket, ule mgahawa usio na wateja katika katuni ya SpongeBob SquarePants, watazamaji wengi humdhani kijidudu cha kubuni, kilichopewa jicho moja ili kichekeshe. Sivyo. Sheldon Plankton ni kopepodi, jamaa wa mbali wa kamba na kaa, na jicho lile ni halali yake. Stephen Hillenburg, aliyebuni katuni hiyo iliyoanza kurushwa mwaka 1999, aliwahi kufundisha elimu ya bahari huko Dana Point, California. Alijua anachora nini.

Kopepodi wengi hawazidi milimita moja au mbili. Jicho lao la katikati hutofautisha mwanga na giza, basi. Ulinzi wenyewe uko kwenye vipapasio, zile pembe mbili ndefu za Plankton. Vimeota vinyweleo vinavyohisi maji yakivutwa na mdomo wa samaki, na kabla mdomo haujafumba, kopepodi ameshapiga miguu jozi baada ya jozi na kuchomoka. Kwa sekunde moja kasi yake hufikia mamia ya urefu wa mwili wake. Na kwa kiumbe wa kimo hicho maji ni mazito kama asali! Baadhi yao hata neva zimefunikwa kwa utando wa mafuta, kama zetu, ili taarifa ifike upesi.

Katunini Plankton anahangaika kuuza chakula. Majini chakula ni yeye. Dagaa wa Ziwa Victoria humla, na samaki wachanga wa baharini vilevile. Bwana Krabs naye, mpinzani wake aliye kaa, asijitape: kaa akishaanguliwa huelea na mikondo, planktoni kama planktoni wengine.

Kinachoniudhi ni kwamba bei ya dagaa ikipanda tunapiga kelele, lakini mifereji ya maji machafu tunaielekeza ziwani bila kujiuliza dagaa atakula nini.

Faida nyingine za kopepodi? Kinyesi chake huzamisha kaboni vilindini, vifaranga wa samaki hulishwa yeye, na Vietnam humtia kwenye matangi ya maji ale viluwiluwi vya mbu. Madhara pia yapo: wale wa maji baridi, akina Cyclops, ndio wanaobeba vibuu vya mnyoo wa Guinea, unaoleta ugonjwa ambao Uganda ilithibitishwa kuutokomeza mwaka 2009 na Kenya mwaka 2018, kwa njia zikiwemo kuchuja maji ya kunywa kwa kitambaa.