Fundi wa Pamoja ni Ngao ya Mwenye Duka Dogo

Zamani mwenye duka dogo alihitaji mzani, daftari na uaminifu, akafungua biashara yake. Leo vitu hivyo vitatu bado vyahitajika, lakini havitoshi. Katika Kata ya Mfaranyaki, hapa Manispaa ya Songea, mwenye stesheneri hawezi kufanya kazi bila kompyuta na mashine ya fotokopi. Wakala wa fedha hawezi kumpa mteja hata shilingi moja simu yake ikiwa imekufa. Mwenye duka aliyefikiwa na sheria ya kodi lazima atoe risiti kwa mashine ya EFD, na hata fundi cherehani siku hizi huulizwa na mteja, "Lipa namba yako ipi?" Kifaa kimoja kikiharibika, biashara nzima husimama, na watoto wa nyumbani hulala wakiwa wameijua habari hiyo.

Jambo hili limeachwa kwa muda mrefu mno kuwa shida ya mtu mmoja mmoja. Sisi twaona si shida ya mtu mmoja. Ni shida ya kundi zima la watu wanaofanya kazi kwa jasho lao, na dawa yake ni umoja: wenye biashara ndogo wa Mfaranyaki waungane, wamwajiri fundi wao, wamlipe kwa mwezi, naye awatunzie vifaa vyao kabla havijaharibika.

Tuangalie kwanza jinsi mambo yalivyo. Mwenye duka aliye peke yake humwita fundi siku ile tu ambayo kifaa kimekwisha kufa. Siku hiyo wateja wamesimama mlangoni, naye ana haraka. Mtu aliyekwama hana nguvu ya kupatana bei. Hulipa anachoambiwa, wala hana njia ya kujua kama kilichobadilishwa kweli kilikuwa kibovu. Ikiwa kifaa hakitengenezeki hapa, hufungwa katika boksi, hupakiwa katika basi na kupelekwa Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900. Hapo mwenye mali hulipa nauli ya mzigo, hulipa ufundi, kisha hungoja. Hasara iliyo kubwa kuliko zote ni zile siku za kungoja, maana mteja aliyezoea kwenda duka jingine huenda asirudi tena.

Tena kuna hasara ya umeme. Mpaka mwaka 2018 mji wa Songea ulitegemea mitambo ya dizeli, na mwaka huo ndipo ulipounganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, nayo yalifungua milango ya biashara nyingi. Hata hivyo, umeme wa mahali popote hukatika, na unaporudi kwa ghafula huweza kuunguza printa au kompyuta isiyo na kinga. Wako wengi walionunua mashine ya mamia ya maelfu ya shilingi wakasahau kununua stebilaiza ya bei ndogo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa twende kwenye msaada uliopo tayari, usiodai fedha. Wengi wetu hulipa kwa jambo ambalo wangelipata bure, kwa kuwa tu hawakuambiwa. Kampuni kubwa za simu nchini zina namba ya huduma kwa wateja, nayo ni 100. Mwenye kutuma fedha kwa namba isiyo yake, au laini yake imefungwa, aanze hapo, wala asimpe mtu wa njiani simu yake "amtengenezee". Ujumbe wa tapeli hupelekwa kwenye namba 15040, na kwa kupiga *106# mwananchi huweza kuangalia laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, maana tapeli hupenda kujificha nyuma ya jina la mtu mwingine.

Kuhusu mashine ya EFD, tukumbuke kwamba zilianza mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani, na mwaka 2013 zikaanza kuwafikia wengine. Mashine hiyo ina lakiri. Haifunguliwi na fundi yeyote wa mtaani, hata awe hodari namna gani. Ikiharibika, mwenye duka aarifu mara moja ofisi ya TRA pamoja na wakala aliyeiuza, na aulize namna ya kutoa risiti katika siku za kungoja. Akinyamaza, mzigo wa kosa utakuwa wake. Kila kifaa kipya nacho huja na karatasi ya dhamana. Karatasi hiyo pamoja na risiti ya kununulia vitunzwe kama hati ya kiwanja, kwa sababu ndani ya muda wa dhamana matengenezo ni haki ya mnunuzi.

Liko jambo lingine ambalo limewakuta wengi bila taarifa. Kompyuta nyingi za stesheneri zetu ni za mtumba, nazo huendeshwa kwa programu ya Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kuitolea programu hiyo matengenezo ya usalama ya kawaida, ila kwa wale waliojiandikisha kupata muda wa nyongeza. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Je, mwenye stesheneri atupe kompyuta yake? Hasha! Ziko programu huru za Linux, ambazo hazina ada, nazo hufanya kazi vizuri katika mashine kuukuu. Iko pia LibreOffice ya kuandikia barua na kupigia hesabu, nayo haiuzwi. Wala si jambo geni kwetu: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa programu ya ofisi inayosema Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Tunachokosa ni mtu wa karibu wa kuziweka programu hizo na kutufundisha, maana mtu akibadilishiwa mashine bila kufundishwa ni sawa na aliyenyang'anywa jembe.

Hapa ndipo hoja ya fundi wa pamoja inapopata nguvu. Tuchukue hesabu nyepesi. Tuseme wenye biashara 40 wamekubaliana kutoa shilingi 10,000 kila mmoja kwa mwezi. Hizo ni shilingi 400,000. Kwa fedha hizo fundi kijana huweza kulipwa posho ya uhakika, na baki ikanunua vifaa vya kazi kidogo kidogo. Naye apewe wajibu ulioandikwa: kila mwezi apite katika kila duka, asafishe vumbi, aangalie nyaya, aondoe virusi, na ahakikishe kwamba hesabu za biashara zimenakiliwa mahali pa pili. Kifaa kikiharibika, aje siku ile ile. Kipuri kikihitajika, mwenye duka alipe bei ya dukani, na risiti ionekane. Kwa njia hii fundi hapati faida kwa kuharibika kwa vifaa vyetu, bali kwa uzima wake. Huo ndio ubora mkubwa wa mpango huu kuliko ule wa kumwita fundi siku ya msiba.

Vijana wenye ujuzi si wa kutafutwa mbali. Chuo cha VETA kiko hapa Songea. Shirika la Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina ofisi yake katika mkoa huu. Tena sheria yazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha vijana mafundi wa Mfaranyaki, chenye mkataba mkononi wa wateja 40, kitakuwa na hoja nzito mbele ya ofisa maendeleo ya jamii kuliko kikundi chenye maneno matupu.

Wako watakaosema: "Fedha za umoja huliwa." Hatuwezi kusema kwamba jambo hilo halijapata kutokea, limetokea, na limevunja mioyo ya watu. Lakini mwizi wa ghala si sababu ya kuacha kulima. Fedha ziwekwe katika akaunti ya kikundi, zitolewe kwa sahihi za watu watatu, na hesabu isomwe mbele ya wanachama wote kila mwezi. Asiyetaka kusoma hesabu asipewe ufunguo.

Wako pia watakaoogopa kumwonyesha fundi mambo yao. Hofu hiyo ina msingi. Kwa hiyo iwe sheria isiyovunjwa: fundi haambiwi namba ya siri ya fedha, wala simu ya biashara haiachwi kwake usiku bila kutolewa laini. Akikutwa amenakili picha au hesabu za mtu, afukuzwe, na hatua za sheria zifuate. Nao wenye maduka wasimnyanyase. Fundi ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine. Alipwe kwa tarehe, apewe mkataba wa maandishi, na asifanywe mtumwa wa kuamshwa saa nane za usiku kwa ajili ya televisheni ya nyumbani.

Wala mtu asidhani kwamba tunaleta wazo kutoka ng'ambo. Mkoa huu wa Ruvuma una historia yake. Katika miaka ya 1960 wakulima wa Litowa na vijiji vya jirani waliungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, wakamiliki kwa pamoja kinu cha kusaga nafaka hapa Songea, na wenye ujuzi miongoni mwao wakatumwa kwenda kuwasaidia wenzao wa vijiji vichanga. Chama hicho kilivunjwa mwezi Septemba 1969, lakini somo lake halikuvunjwa: mashine ambayo mtu mmoja hawezi kuinunua wala kuitunza, watu wengi huiweza.

Tena umoja huo usitufanye tusahau akiba ya zamani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikazorota katika Afrika Mashariki nzima. Siku kama hiyo fundi hana la kufanya. Aliyeandika madeni yake katika daftari aliendelea kuyajua; aliyeyaweka mahali pamoja tu, penye kutegemea mtandao, alikaa akingoja. Daftari basi libaki mezani.

Twatoa wito kwa viongozi wa matawi na mabalozi wa mashina wa Mfaranyaki waitishe mkutano wa wenye biashara ndogo mwezi huu. Mkutano huo uwe wa wananchi wote. Asiulizwe mtu kadi ya chama mlangoni, maana printa ikiungua haichagui kadi ya mwenyewe. Ajenda iwe fupi: nani yumo, kila mmoja atatoa kiasi gani, nani atashika fedha, na fundi ni nani. Watu 10 wakikubali, waanze. Wengine watafuata wakiona maduka ya wenzao hayafungwi. Kidole kimoja hakivunji chawa.