Mtoto mpole kupita kiasi? Huenda amepungukiwa na damu

JE, msomaji, una mtoto wa miezi minane au tisa ambaye majirani humsifu kwa upole wake? Halii ovyo, hana mbio za kutambaa, na ukimwacha mkekani unamkuta papo hapo. Kabla hujafurahi, tazama viganja vyake na ndani ya kope zake za chini. Ikiwa pamepauka badala ya kuwa pekundu, huenda upole huo ni ugonjwa.

Watu wengi wa Pwani huiita hali hii safura. Ni upungufu wa damu, na kwa watoto wadogo sababu kubwa ni ukosefu wa madini ya chuma.

Akiba huisha

Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma aliyopewa na mamake tumboni. Akiba hiyo humtosha kwa miezi sita hivi. Aliyezaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzani mdogo huimaliza mapema. Maziwa ya mama yana chuma kidogo, ingawa hutumika vizuri mwilini. Baada ya hapo, chuma lazima kitoke kwenye chakula.

Hapo ndipo penye tatizo. Katika nyumba nyingi kuanzia Diani hadi Msambweni, chakula cha kwanza ni uji wa mahindi. Uji huo mtupu una chuma kidogo, na mahindi yenyewe huzuia mwili kukifyonza. Ongeza malaria na minyoo, na damu huzidi kupungua.

Ubongo nao huhitaji chuma ili kujenga utando unaofunika neva na kusafirisha ujumbe upesi. Mtoto aliyekikosa huweza kuchelewa kutembea na kusema, na baadhi ya madhara hubaki hata damu ikisharudi. Utafiti uliofanywa Pemba na kuchapishwa mwaka wa 2001 ulionyesha kuwa watoto waliopewa chuma walipiga hatua zaidi katika lugha.

Usikimbilie duka la dawa

Lakini usinunue dawa ya chuma kiholela. Huko huko Pemba, mwaka wa 2003, utafiti mwingine uliokuwa ukiwapa watoto chuma na asidi ya foliki ulilazimika kusimamisha dawa hizo, kwa kuwa waliozitumia walizidi kulazwa na kufa. Pemba wakati huo ilikuwa na malaria kali.

Kwale nako kuna funzo. Watafiti kutoka Zurich, Uswisi, walichunguza watoto 115 wa miezi sita waliolishwa uji wenye unga wa virutubishi kwa miezi minne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2014 yalionyesha kuwa chuma kilichobaki utumboni kililisha bakteria wabaya. Ndiyo sababu dawa hii hutolewa kwa kipimo, baada ya damu kupimwa na malaria kutibiwa.

Ufanye nini?

Anza mapema. Mama mjamzito ameze vidonge vya chuma anavyopewa kliniki bila kuruka. Wakati wa kujifungua, kitovu kisifungwe kabla ya dakika moja, ili mtoto apate damu zaidi.

Mtoto akifika miezi sita, endelea kumnyonyesha, lakini uji usiwe mtupu. Mpondee maini, samaki, dagaa, kunde au mchicha. Mpe pia papai, embe au maji ya chungwa pamoja na chakula, kwani matunda haya husaidia mwili kufyonza chuma. Usimpe chai hata kidogo, na maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi ya yale ya mama kabla hajatimiza mwaka. Mlaze ndani ya neti kila usiku.

Ukimwona amepauka, anachoka upesi au anakula udongo, mpeleke kliniki iliyo karibu. Kupima damu ni tone moja tu la kidole au kisigino. Damu iliyopungua huweza kurudishwa. Miezi ya kukua kwa ubongo hairudi.