Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwa bei gani?



Kila msimu wa usajili unapokaribia, mjadala huwa ni uleule, iwe kwenye kijiwe cha kahawa au nje ya kanisa baada ya ibada. Kuna beki ambaye mkataba wake unaisha. Si mchezaji mbaya, wala si nyota. Ni wa kawaida: leo anaokoa hatari, kesho mpira unampita. Amekaa na timu miaka mingi na tumemzoea. Sasa anataka mshahara mkubwa kuliko kiwango chake, la sivyo anaondoka. Apewe, au aachwe aende?

Wanaosema apewe wana methali yao: mcheza kwao hutunzwa. Wanaosema aende wana hesabu zao: fedha hiyo inatosha kumpata aliye bora zaidi. Naomba leo tulitazame swali hili kama Wakristo, maana ndani yake mna mambo matatu ambayo Biblia huyagusa mara nyingi: fedha ya watu wengi, thamani ya mtu mmoja, na hofu iliyo moyoni mwa wanaoamua. Tena swali hili haliishii uwanjani. Lipo mezani kwa baraza la wazee wa kanisa, kwa bodi ya shule, na hata kwa mwenye duka aliyeajiri wasaidizi watatu.

Yaliyoikuta Barcelona

Wengi tunaikumbuka Agosti 2021. Tarehe 5 ya mwezi huo, klabu ya Barcelona ilitangaza kwamba Lionel Messi, aliyefika pale akiwa mtoto wa miaka 13, hataendelea kuichezea. Siku tatu baadaye, siku ya Jumapili, alisimama mbele ya waandishi wa habari na kububujikwa na machozi. Alisema alikuwa amekubali kupunguza mshahara wake kwa nusu. Klabu ilimtaka na yeye aliitaka klabu. Lakini kanuni za Ligi Kuu ya Hispania huweka kikomo cha fedha ambazo kila klabu inaweza kutumia kwa wachezaji kulingana na mapato yake, na Barcelona ilikuwa imekivuka mbali.

Ilifikaje hapo? Siku chache baadaye Rais wa klabu, Joan Laporta, alieleza kwamba deni lilikuwa euro bilioni 1.35, na kwamba mishahara ilikuwa sawa na asilimia 103 ya mapato. Yaani kwa kila euro 100 zilizoingia, mishahara pekee ilidai euro 103, kabla hata ya kulipa bili ya umeme. Ni kweli ugonjwa wa korona uliwafungia mashabiki nje ya viwanja, lakini korona haikusaini mikataba. Mshahara wa Messi mwenyewe ulikuwa mkubwa kuliko yote, ila huyo alikuwa Messi. Nyuma yake walikuwapo wengine waliolipwa kama nyota huku mchango wao uwanjani ukiwa wa kawaida.

Mtazame beki Mfaransa Samuel Umtiti. Juni 2018 alipewa mkataba mpya wa hadi mwaka 2023. Mwezi uliofuata alifunga bao lililoipeleka Ufaransa fainali ya Kombe la Dunia, na nchi yake ikatwaa kombe hilo. Kisha goti likamsumbua, akawa hachezi mara kwa mara, lakini mshahara ukabaki wa bingwa wa dunia. Kumuuza ikawa shida, maana ni klabu gani ingelipa kiasi kile kwa mchezaji wa benchi? Mashabiki wa timu yake mwenyewe wakamzomea. Goti halikuwa kosa lake. Hata hivyo, kila aliyemtazama hakumwona Samuel tena, aliona mshahara. Mkataba uliokusudiwa kumtunza ukageuka mnyororo wa dhahabu: unang'aa, lakini ni mnyororo.

Kwa nini viongozi wenye akili zao hufanya hivyo? Tusikimbilie kusema ni upendo. Mara nyingi ni hofu: hofu ya kelele za mashabiki, hofu ya kuanza upya na mgeni, hofu ya kukiri kwamba mtu tuliyemsifu mwaka juzi ameshuka. Wahenga waliijua hofu hiyo, wakasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ndiyo maana Bwana Yesu, katika Luka 14:28-30, alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara bila kwanza kuketi na kuhesabu gharama. Mtu yule aliupenda mnara wake. Alichekwa na wapita njia kwa sababu hakuketi kuhesabu.

Mwaka mmoja, jembe na mbolea

Je, basi Mkristo awe mtu wa kukata tu? Hapana. Tusome Luka 13:6-9. Mwenye shamba alikuja miaka mitatu mfululizo akitafuta matunda kwenye mtini wake asipate kitu. Akaagiza ukatwe, kwa kuwa ulikuwa unaichosha ardhi bure. Mtunza shamba akauombea. Sikiliza vizuri aliomba nini. Hakuomba mtini uongezewe eneo, wala hakuomba uachwe milele. Aliomba mwaka mmoja, na akaahidi kazi: atapalilia kuuzunguka na kuutilia mbolea. Ukizaa, vema. Usipozaa, ukatwe.

Mimi naona humo jibu la swali letu. Rehema kwa mtu wa kawaida ni muda wenye mwisho unaojulikana, pamoja na jembe na mbolea: mafunzo, mwalimu wa kumkosoa kwa upole, daktari wa kulitazama goti, nafasi inayolingana na uwezo wake. Kumpa bei ya nyota ni rahisi kuliko kumpalilia, maana bei husainiwa kwa dakika moja, lakini jembe hushikwa mwaka mzima. Mara nyingi tunapomwongezea mtu fedha asizozistahili, tunajinunulia ruhusa ya kutomshughulikia.

Msomaji makini atanipinga kwa Mathayo 20. Je, si Bwana mwenyewe aliyesimulia habari za mwenye shamba la mizabibu aliyewalipa waliofanya kazi saa moja sawa na waliochomwa na jua kutwa nzima? Ndiyo, na ni habari njema kwetu sote tuliochelewa kufika shambani. Lakini angalia mambo mawili. La kwanza, walioanza asubuhi walipata dinari yao kamili kama walivyopatana. Hakuna aliyepunguziwa senti ili mwingine aongezewe. La pili, mwenye shamba alisema wazi kwamba anatumia kilicho chake. Ukarimu ulitoka mfukoni mwake.

Rais wa klabu hatumii kilicho chake, wala mzee wa kanisa hatumii kilicho chake. Anatumia kiingilio cha fundi aliyekaa juani dakika 90, au sadaka ya mama aliyeuza mchicha wiki nzima. Huyo ni wakili, si mwenye mali. Kama unampenda mtu kupita hesabu, usichukue kwenye kapu la wote. Toa kwenye pochi yako.

Hilo lilionekana Barcelona hiyohiyo. Agosti 2021, beki mkongwe Gerard Piqué alikubali kupunguziwa mshahara ili klabu iweze kuwasajili Memphis Depay na Eric García. Januari 2022, Umtiti naye, yule aliyezomewa, alikubali kupunguziwa malipo ya msimu kwa kurefushiwa mkataba, na nafasi ikapatikana ya kumsajili Ferran Torres. Waliokuwa mzigo kwenye vitabu vya hesabu wakawa mlango wa wengine kuingia. Huo ulikuwa ukarimu wa mtu kutoa kilicho chake.

Aliyepewa talanta mbili

Sasa tumgeukie mchezaji mwenyewe, maana huenda wewe unayesoma ndiye huyo wa kawaida. Wengi wetu ndivyo tulivyo. Katika Mathayo 25 tunahubiriwa sana habari za aliyepewa talanta tano na aliyeifukia moja, lakini yule wa talanta mbili tunampita haraka. Bwana wake alijua uwezo wake, akampa mbili, hakumlazimisha kubeba tano. Alileta mbili nyingine. Pongezi alizopewa zilikuwa zilezile alizopewa wa talanta tano, na furaha aliyoalikwa kuingia ilikuwa ileile. Mtaji haukulingana, heshima ililingana.

Kwa hiyo usikubali mtu akupime kwa mshahara, wala wewe usijipime hivyo. Anayedai alipwe kama wa talanta tano anaomba pia adaiwe kama wa talanta tano, na uwanja hauna huruma na deni hilo.

Tuwe waangalifu lakini. Lipo kanisa litakalosoma makala haya na kushangilia kwamba limepata sababu ya kumnyima mwinjilisti wake nyongeza. Wengi wetu dhambi yetu si kulipa kupita kiasi, ni kulipa pungufu, au kutolipa kabisa. Mlinzi anadai miezi mitatu, mwalimu wa chekechea anaambiwa amtumikie Bwana kwa imani. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio kimefika masikioni mwa Mungu. Mara nyingi mambo haya mawili huishi katika daftari moja: yupo mmoja anayelipwa sana kwa sababu tunamwogopa, na wapo watano wasiolipwa kwa sababu tunajua hawatapiga kelele. Ukitaka kujua kilichoipata Barcelona, fungua daftari la usharika wako.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Timu isimlipe mchezaji wa kawaida bei ya nyota ili tu asiondoke. Imlipe haki yake yote, na kwa wakati. Impe mkataba mfupi ulio wazi, imnoe, imtibu. Akipata penye malipo makubwa zaidi, imshukuru mbele ya watu, imkumbatie na imwache aende kwa heshima. Hivyo ndivyo mcheza kwao anavyotunzwa.

Wiki hii, kama wewe ni mjumbe wa kamati, keti na mwenzako mmoja mwaminifu mfungue orodha ya malipo. Kwa kila jina jiulizeni: tunamlipa huyu kwa haki, au kwa hofu? Kisha muulize swali la pili, ambalo ni gumu zaidi: ni lini mara ya mwisho tulishika jembe kwa ajili yake?

Ee Mungu, utupe macho ya kumwona mtu kabla ya bei yake, uaminifu juu ya mali isiyo yetu, na subira ya mtunza shamba. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.